Sufuria Kubwa ya Ntoto

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona moto. Papa Bauma alinikalisha nyuma ya nyumba yake pale Muheto, akaniwekea mbele marundo ya udongo aliyoyachota huku na huku mlimani, akasema, "Gusa yote. Kisha uniambie gani itashika na gani itapasuka."

Nililowesha vidole nikaufikicha kila udongo, nikaukanda na kuuviringisha mwembamba kama kidole cha mtoto, halafu nikaukunja. Ule mweusi wa bondeni ulikunjika bila kukatika, lakini nilijua kwamba ukikauka utajivuta na kupasuka. Ule mwekundu ulikatika hapo hapo. Nilimwambia achukue mchanga wa kijitoni, auchekeche, kisha atie udongo wa bondeni kidogo tu, wa kuushikisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Kesho uje mapema," akasema. Basi nikawa nimeajiriwa.

Uhuru ulikuwa bado mbichi wakati ule. Papa Bauma alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika garaji ya shamba moja la wazungu, kazi yake kuyeyusha vyuma na kusubu vipuri. Kusubu ni kumwaga chuma kilichoyeyuka ndani ya kalibu, yaani umbo tupu lililotengenezwa kwa mchanga, ili kikipoa kiwe na sura unayoitaka. Wazungu walipoondoka, garaji ilifungwa, naye akarudi nyumbani na koleo zake ndefu na chungu cha kuyeyushia, kilichokuwa kipande cha bomba nene la chuma lililozibwa chini. Magari ya kutoka Bukavu yalikuwa yamekuwa machache. Madukani sufuria hazikuwepo, na zilizokuwa majumbani zilikuwa zimetoboka. Papa Bauma akaona kazi. Moto aliujua vizuri, ila mchanga wa garaji ulikuwa ukiletwa kwa magunia kutoka mbali, tayari umechanganywa, na sasa hakuna wa kumletea. Ndiyo maana alinitafuta mimi, kwa sababu mama yangu alikuwa mfinyanzi.

Nyungu za mama zilijulikana katika masoko yote ya upande wetu. Baba alikufa nikiwa mdogo, na nyungu hizo ndizo zilizonilea. Jioni ile nilimkuta akilainisha mdomo wa nyungu mbichi kwa kipande cha kibuyu.

"Mama, Papa Bauma amenipatia kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kumwaga sufuria."

Hakuinua macho. Alimaliza kuuzungusha mdomo wa nyungu, ndipo akasema, "Ile sufuria njo inafukuza nyungu zangu mu soko. Na sasa mutoto yangu mwenyewe ataenda kuitengeneza."

"Bantu bataitengeneza tu, mama, niende ao nisiende."

"Najua. Enda. Lakini mu nyumba yangu usiiingize."

Sikuiingiza. Miaka yote tuliyokaa Muheto nilisubu sufuria mchana, na jioni nikala maharagi yaliyochemshwa katika nyungu ya mama. Hatukugombana. Alinipa chakula, aliniuliza habari za wateja, lakini kazi yenyewe hakuniuliza hata mara moja. Nikirudi na mikono iliyobabuka aliitazama, akaipaka mafuta, akanyamaza. Ukimya ule uliniumiza kuliko moto.

Niwaeleze ninyi vijana namna tulivyofanya, maana siku hizi mnanunua sufuria kama mnavyonunua chumvi. Kwanza ni kutafuta alumini. Watu walileta sufuria zilizopasuka, sahani, vijiko, mifuniko, na wakati mwingine pistoni ya lori. Papa Bauma alinifundisha kutenganisha. Alumini ya sahani ni laini. Pistoni ni ngumu lakini inavunjika. Ukizichanganya kwa kiasi unapata sufuria inayovumilia moto na kuanguka. Mtu akileta risasi ya betri, ilitupwa mbali. "Hiyo ni sumu," alisema. "Muntu atakula, na hatajua ni nini inamuua."

Pili ni kusafisha. Kila kipande kilisuguliwa kwa mchanga mpaka masizi na mafuta yote yatoke, kisha kikaanikwa kikauke kabisa, kwa sababu tone moja la maji likiingia katika alumini iliyoyeyuka, chungu chote kinaruka usoni mwako. Papa Bauma alikuwa na kovu shingoni lililotokana na tone kama hilo. Hakulizungumzia sana, aliligusa tu kwa kidole kila tulipotaka kuharakisha.

Halafu kalibu. Unachukua sufuria nzima ya mfano, unaifunika chini juu katika sanduku la mbao lisilo na chini, unaishindilia mchanga ndani na nje. Mchanga wa ndani tuliuita moyo. Katikati ya sehemu hizo mbili unanyunyiza vumbi la mkaa ili zisishikane. Unalifungua sanduku taratibu, unaitoa sufuria ya mfano, unalirudisha sanduku, na pale ilipokuwa sufuria pamebaki nafasi tupu. Juu unaacha mlango wa kumwagia na matundu membamba ya pumzi, maana hewa isipopata pa kutokea, sufuria inazaliwa na vidonda. Alumini yenyewe inayeyuka haraka ukivuvia mivukuto vizuri. Inakuwa na ngozi ya kijivu juu. Unatupia chumvi kidogo, uchafu unapanda, unauengua. Chini yake inang'aa kama maziwa kwenye jua. Kila nilipouona mng'ao ule nilisahau kuwa nimechoka.

Wakulima wa kwetu walitaka sufuria za mihogo na maharagi, nene, zenye mikono miwili. Wafugaji wa juu walitaka za kuchemshia maziwa, pana na nyepesi. Kila mteja nilimpa maneno yale yale: usilaze majivu yenye maji ndani yake, yataila, usilaze chakula chenye chumvi wala kikali, ikiwa nyeusi, chemsha maji na ndimu, kisha sugua na mchanga laini. Sufuria za Papa Bauma zilidumu.

Kisha mlima ukaharibika kwa vita. Sitaki kusema nani alianza. Waliokufa walikuwa wa kila upande, nami nilikuwa nimewauzia sufuria wote. Asubuhi moja tuliona moshi kwenye kilima cha pili, na haukuwa moshi wa kupika. Watu walifunga walivyoweza. Papa Bauma alijitwisha chungu cha kuyeyushia na koleo. Mke wake alikuwa amefariki, watoto wake walikuwa mjini, kwa hiyo alifuatana nasi. Mimi nilibeba nguo, unga na sufuria ya mfano. Mama alibeba nyungu moja tu, ya ukubwa wa kati, aliyoifunga mgongoni kwa kitenge kama anavyobebwa mtoto.

"Mama, hiyo itavunjika mu njia," nilimwambia.

"Tembea," alinijibu.

Tulishuka kuelekea msituni, upande wa Walikale, tukilala kwa watu tusiowajua, tukinyeshewa. Mama hakuanguka hata mara moja. Tulipofika Ntoto, nyungu ilikuwa nzima.

Ntoto ilikuwa imejaa. Wenyeji walitupokea, walitupa pa kujenga vibanda na mbegu za kupanda, lakini vyombo hawakuwa navyo vya kutosha. Wengi wetu tuliokimbia hatukuwa na kitu cha kupikia. Nilimwona mwanamke akichemsha majani ya mihogo katika kofia ya chuma aliyoiokota. Watoto walikunywa maji ya kijito hivyo hivyo, mabichi, wakaanza kuharisha. Kila siku mtu alizika.

Pale palikuwa na zahanati ndogo, na mkubwa wake tulimwita Papa Munganga. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyevaa koti jeupe hata dawa zilipokwisha. Alikuja kibandani kwetu akamkuta Papa Bauma akinoa panga.

"Papa, nasikia weye ulikuwa unamwaga sufuria."

"Nilikuwa."

"Sina na dawa. Lakini kama ningekuwa na marmite moja kubwa, ya kuchemshia maji asubuhi na uji mchana, hawa batoto bangepona wengi. Unaweza kuitengeneza?"

"Kubwa namna gani?"

Papa Munganga alifungua mikono yake kama anayemkumbatia mtu mnene. Papa Bauma alicheka, kisha akaacha kucheka. Kwa sufuria ya namna hiyo hatukuwa na mfano. Hatukuwa na alumini wala sanduku la kuitosha. Alinitazama.

"Alumini bantu bataleta," akasema. "Lakini kalibu? Hiyo itakuwa ya udongo, si ya mchanga. Hiyo ni kazi yako."

Alumini ikaletwa. Watu waliokuwa wamekimbia na kijiko kimoja walikileta. Wenyeji walileta mifuniko na birika za zamani. Dereva mmoja ambaye lori lake lilikuwa limekufa njiani alituruhusu kuzitoa pistoni zake. Mwanamke yule wa majani ya mihogo alitoa sahani ya mtoto wake aliyemzika wiki ile. Niliipokea, nikashindwa kuitia kwenye rundo mpaka aliponiambia, "Weka tu, dada. Itamulisha mwingine."

Nikaanza kalibu. Nilijenga moyo wa udongo mkubwa kama kichuguu, nikauacha ukauke chini ya paa. Ulipasuka. Nikajenga wa pili, nikazidisha mchanga. Huo ulikauka, lakini tulipouchoma moto kidogo kuumaliza unyevu, ulimomonyoka ubavu mzima. Wa tatu ulipasuka kuanzia juu hadi chini mbele ya watu waliokuja kutazama. Walirudi vibandani, na jioni ile nilisikia kilio kutoka upande wa wenyeji, mtoto mwingine.

Nilikaa mbele ya udongo wangu uliopasuka nikalia. Mama alikuja akachuchumaa kando yangu. Tangu Muheto hakuwahi kukaribia kazi yetu. Alichukua bonge moja, akalivunja, akalinusa, akaweka punje ulimini.

"Huu udongo ni mubichi sana," alisema. "Haujawahi kuona moto. Ukiupeleka mu moto mara moja, unaogopa. Unapaswa kuuchanganya na udongo ulioisha kuona moto. Utaufundisha."

"Vigae?"

"Vigae. Uvisage kama unga. Na mavi ya mbuzi, ikauke, iachie pumzi."

Nilizunguka kijiji kizima nikiokota vigae. Wenyeji walinipa walivyokuwa navyo nyuma ya majiko. Nilivisaga kwenye jiwe mpaka viganja vikatoka malengelenge, na bado havikutosha. Mama aliliangalia fungu langu, akaingia kibandani, akatoka na nyungu yake.

"Mama, hapana."

"Sasa nitaiweka ya nini?"

"Njo imebaki peke yake. Umeitoa Muheto."

"Nilijua nimeitoa kwa sababu," alisema. "Sikujua tu ni sababu gani."

Aliiweka juu ya gunia, akachukua jiwe, akaipiga mara moja ubavuni. Ilivunjika bila kelele nyingi. Kisha akakaa chini, akavuta jiwe la kusagia, akaanza kusaga. Nilikaa upande wa pili wa jiwe, nikawa namkusanyia unga.

Moyo wa nne tuliujenga pamoja. Mikono yake ilikwenda mbele, yangu ikafuata. Juu ya moyo tulipaka majivu, kisha ngozi ya udongo wa mchanga, unene wa kidole, ambayo ndiyo iliyochukua mahali pa sufuria ya mfano. Juu ya ngozi tukajenga ganda la nje kwa vipande vinavyofungamana. Vilipokauka tulivibandua, tukaikwangua ile ngozi yote, tukachoma kila kipande taratibu kwa moto mdogo wa maganda ya mihogo, kama anavyochoma mfinyanzi. Moyo haukupasuka. Tukavirudisha vipande mahali pake, tukavifunga kwa kamba za msituni, tukazika kalibu yote ardhini hadi shingoni.

Siku ya kumwaga Papa Bauma alipanga mioto miwili, kwa sababu chungu kimoja hakikutosha. Chungu cha pili tulikitengeneza kwa chuma cha lori lile lile bovu. Shida ni hii: alumini ya kwanza ikianza kupoa kabla ya ya pili kuifikia, hazishikani, na sufuria inakuwa na mshono unaovuja. Ilitupasa tumwage wawili kwa pamoja bila kusita, na hata mmoja wetu akiungua asiache.

"Usinitazame mimi," Papa Bauma aliniambia. "Tazama mulango. Tukianza, hatuachi."

Tulimwaga. Joto lilinichoma nyusi. Niliona alumini ikiingia kama kamba nyeupe, nikasikia hewa ikipiga mluzi kwenye matundu ya pumzi, na mikono yangu ikataka kuharakisha. Nyuma yangu mama alisema kwa sauti ya chini, "Pole pole, mutoto yangu. Iko inakunywa. Uiache ikunywe." Nikatulia. Alumini ikapanda ikajaa mlangoni, ikasimama.

Tuliiacha mpaka kesho yake. Tulipovunja ganda, sufuria ilitoka ya kijivu, imekwaruzika, yenye tundu dogo karibu na mkono mmoja. Papa Bauma aliliziba kwa msumari wa alumini alioupigilia pande zote mbili. Tukaijaza maji. Watu wote wakachungulia chini yake. Haikuvuja.

Papa Munganga hakuweza kuhutubia kama alivyokusudia. Alisema, "Asante," akaenda kuwasha moto. Tangu siku ile maji yalichemshwa kila asubuhi na uji ukapikwa kila mchana. Sitasema watoto waliacha kufa, maana nitakuwa naongopa. Lakini vilio vilipungua, na siku ikafika ambayo mtu aliuliza ni lini tulizika mara ya mwisho, na wengine wakalazimika kufikiri.

Mama alikuja siku ya kwanza ya uji, akapanga mstari kama wengine. Aliunywa wote. Nilimtazama kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu.

"Inachemuka mbio," alisema. Baadaye akaongeza, "Lakini haina harufu ya udongo."

Tulicheka wote wawili. Hatukuwa tumecheka hivyo tangu niajiriwe. Miezi iliyofuata tulifanya kazi bega kwa bega. Mama akichanganya udongo, mimi nikijenga, Papa Bauma akishika moto. Tulisubu sufuria ndogo za kila nyumba. Ndio wakati mzuri kuliko wote wa maisha yangu, na ulikuwa wakati wa njaa na ukimbizi. Sijui jinsi ya kuwaeleza jambo hilo mkalielewa.

Mvua za mwaka ule zilimletea mama homa ya kifua. Papa Munganga alifanya alichoweza. Tulimzika Ntoto, kwenye mteremko juu ya kijito, mahali penye udongo mzuri.

Mlima ulipotulia watu walianza kurudi. Papa Bauma hakurudi. Macho yake yalikuwa yameliwa na moto, akawa anaona ukungu tu. Kulikuwa na mjane pale Ntoto aliyemtunza, wakaoana. Alinipa koleo zake. "Mimi nitabaki hapa na mama yako," alisema. "Weye enda. Usikae kijana mahali pa wazee."

Nikashuka mpaka Mubambiro, karibu na Sake, ambako kambi ya askari ilikuwa na majiko makubwa na sufuria mbovu. Mkubwa wa jiko alikuwa adjudant mmoja, askari mwenye cheo, mnene, asiyependa maneno.

"Fundi iko wapi?" aliuliza.

"Ni mimi, shefu."

Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguu. "Nitaangalia sufuria," akasema. "Sitakuangalia weye." Wiki iliyofuata aliigonga sufuria yangu kwa fimbo, akaisikiliza, akaagiza nyingine. Nilifanya kazi pale miaka iliyobaki ya muongo ule, nikaolewa na dereva, nikapata watoto, na baada ya hapo nikajenga moto wangu mwenyewe Sake, nikaendelea mpaka kifua kilipokataa moshi. Waliofanya kazi nami walikuwa watu wema. Lakini kila nilipojenga moyo wa kalibu kubwa nilihisi nafasi wazi upande wa pili wa udongo, na sikumruhusu mtu kukaa hapo.

Sasa nimepumzika. Sufuria nyembamba zinakuja kwa malori, zinang'aa, zinatoboka, zinatupwa. Sizilaumu. Mama pia hakulaumu, alihuzunika tu, nami nimechelewa kuuelewa ule ukimya wake wa Muheto. Natamani ningekaa karibu nao badala ya kuukimbia kila asubuhi.

Ntoto sijarudi. Kila nilipotaka kwenda, njia ilikuwa imefungwa, na sasa miguu ndiyo imefungwa. Nimebaki kuwauliza wanaotoka huko. Juzi alipita mwanamke muuza mafuta ya mawese, kijana, mzaliwa wa huko. Nilimweleza mteremko ule, kijito, mahali kaburi lilipo.

Alisita. "Mama, hapo hakuna kaburi tena. Kuna mama moja aliyekimbia vita, amepalima. Amepanda maharagi."

Akadhani ameniumiza, akaanza kuniomba msamaha.

"Yanatoka?" nikamuuliza.

"Maharagi? Yanatoka mazuri sana, mama. Kupita yote ya pale."

Nikamwomba akae kidogo, anieleze ni ya rangi gani.